Sauti Nyuma Yangu

Chuoni, 9 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na hiyo cherehani? Mimi mzima.

Keti kwanza. Nimeitwa timu ya taifa! Mshambuliaji wa kati, mwanao yuleyule aliyevunja vioo vya majirani. Nilipoambiwa niligeuka nimwambie Mwiba. Mwaka umepita tangu mdogo wangu huyo aanguke uwanjani hapa chuoni, moyo wake ukagoma, na bado nageuka.

Niombee.

Mwanao

Nyumbani, 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, hauna jipya. Hongera. Uwanja umeshanichukulia mmoja. Nakuomba kama mzazi wako, acha mpira. Kazi za kukaa kitini zipo tele.

Mama yako

Kambini, 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu, mpira siwezi kuuacha.

Unakumbuka Mwiba alivyokuwa akipiga kelele "Acha!" nyuma yangu, nami naupisha mpira, yeye anaumalizia wavuni? Mechi yangu ya kwanza ikaja krosi safi kabisa. Nikasikia, "Acha!" Nikaupisha. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, mama. Kocha akaniuliza, "Dada, umelala?" Mechi ya pili, vilevile. Wenzangu sasa wananiita Mlango Wazi. Nacheka nao, lakini naogopa. Kocha amesema nikirudia mechi ijayo, nifungashe virago.

Mbona Mwiba ananifanyia hivi? Nilimkosea nini?

Njoo unitazame, tafadhali. Tiketi yako nitaiacha kwa mlinzi wa lango.

Mwanao

Kambini, 30 Mei

Mama,

Shikamoo, tena shikamoo! Hukujibu barua, kumbe unakuja kimyakimya!

Mechi inakaribia kwisha, krosi ikaja, na ile "Acha!" ikaja nayo. Nikaanza kuupisha. Hapohapo nikasikia sauti nyingine, karibu kabisa na sikio: "Piga, mvivu we!" Nikapiga. Goli! Kocha amenibakiza. Nilikutafuta jukwaani mpaka wafagiaji wakanifukuza. Mbona uliondoka bila kuniaga?

Ahsante kwa hiyo "Piga", mama. Jana nilirudi uwanja ule wa mechi peke yangu nikamwambia Mwiba imetosha, aende zake, asinifuate tena. Nimelia, lakini nimemwambia.

Mwanao

Nyumbani, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwili hauna shida, ila tangu barua yako ifike sijashona hata kifungo.

Sikuja. Nilifika kituo cha basi nikarudi. Nilikuwa hapahapa, redio juu ya cherehani, kama mechi zote. Na kila mara mtangazaji aliposema mpira unakujia, nilifumba macho nikasema, "Acha, mwanangu, acha." Nilisema kwa nguvu hadi jirani akagonga ukuta. Niliogopa uanguke na wewe. Sikujua kama maneno yangu yanafika huko.

Hiyo "Piga" si yangu. Tangu lini mimi nikakuita mvivu? Katika nyumba hii aliyekuwa akikuita hivyo ni mmoja tu, na umemfukuza.

Rudi pale uwanjani leo hii. Mwite. Mwambie aliyekuwa akikuzuia ni mama, na mechi ijayo mama atajiziba mdomo kwa kitambaa.

Akikujibu, niandikie.

Mama yenu