Hamira ya Olav

Gudrun, nijibu upesi. Hamira imekufa.

Ile ya marehemu mume wangu Olav, iliyokaushwa kwenye pete ya mbao ukutani. Mkwe wangu Silje kaiosha! Kwa maji ya moto na sabuni! "Mama, niliona uchafu, nikataka kukusaidia kabla wageni wa mazishi hawajafika." Uchafu, Gudrun! Hamira ambayo Olav aliachiwa na babu yake!

Na maji ya kimea ya bia ya mazishi yamo kwenye pipa, yanasubiri.

Mwanangu Eirik kaja na pakiti ya hamira ya dukani. "Mama, chumba cha chini kina baridi, na hii inapenda baridi. Itatoa bia nyepesi, safi."
Nikamuuliza, itaiva lini?
"Baada ya mwezi."
Mwezi! Ya Olav hupenda joto, na huivisha bia kwa siku chache. Na baba yake anazikwa Jumamosi!

Silje analia. Sikumgombeza, Gudrun. Ndiye aliyemlisha Olav kwa kijiko mpaka mwisho.

Lile kopo la hamira Olav alilokupa bia yako ilipoharibika, bado liko kwenye friza? Usiniambie umelitupa.

Pipa nimelifunika kwa sweta zake zote, joto lisitoke.

Eirik yuko njiani kuja kwako. Hata kama huna, mpe kahawa. Ameondoka bila koti.