Mafuta ya Sikio la Salman

Mama, ulipokwisha kwenda sokoni nimeukuta mto wa Salman umelowa usaha. Sikio ni lile lile la kulia. Nampeleka zahanati sasa hivi, maana daktari alisema likitoa tena nisingoje, mtoto asije akawa kiziwi.

Nazi nimeshaikuna, tui bado kuchujwa. Samaki nimemfunika na kuweka jiwe juu kwa sababu ya yule paka. ~~Wifi Hadiya asipewe.~~ Wifi Hadiya mpe kichwa, yeye alitaka mema. Msitungoje kula.

Asubuhi alipokuja na kijiko cha mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akasema, "Sisi sote tumetiwa haya, na umbeya wa kule mtaa wa Muyeye twausikia tukiwa hapa hapa!" mimi nilimvuta tu Salman kwangu. Wewe ukatoka bafuni, leso inachuruzika maji, ukampokonya kijiko. "Nenda kakaangie mahamri! Sikio hilo halitiwi kitu. Mamake ndiye aliyeambiwa na daktari, na neno lake ndilo."

Najua mafuta yale ni dawa yako, na wanao wote umewalea nayo. Kuyaacha kwa neno langu si jambo dogo. Ahsante sana.

Na hili sijawahi kulitamka: mama yangu mzazi alipofariki, nilidhani sina tena wa kunisemea. Kumbe ninaye.

Mkazamwana wako,
Harusi