Safu Yangu Ilitoa Sifuri

Jumamosi, mwezi wa sita, 1997

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata tangi la maji la shule halikuonekana. Sasa ni alasiri, jua linawaka, nami nimekaa nyuma ya bweni nikiwa na wivu. Naliandika neno hilo mapema ili nisijidanganye huko mbele.

Wivu wenyewe ni wa Zaituni.

Mwalimu Projestus alisema atachagua msichana mmoja wa kidato cha tatu awe anakaa ofisini kila Jumamosi, aingize hesabu za stoo kwenye kompyuta. Mmoja tu, kwa kuwa mafuta ya jenereta ni haba. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Mama analima mashamba ya watu huko Chonyonyo, na dada yangu alipomaliza shule alirudi kwenye jembe lilelile. Anayejua kompyuta anaweza kupata kazi ya ofisini. Zaituni anasubiriwa na duka la baba yake mjini. Kompyuta ataifanyia nini?

Leo tulijaribiwa. Tulipewa hesabu ya maharage yaliyovunwa shamba la shule, darasa kwa darasa, tuiingize kwenye safu moja, kisha mashine ijumlishe.

Nilichapa polepole, kwa usafi. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa shule ya msingi. Ukimjibu "kumi" bila kipimo, alikuuliza, "Kumi nini? Mbuzi?" halafu anakukosesha. Kwa hiyo katika kila kisanduku niliandika kwanza neno debe, kisha namba. Debe 7. Debe 4. Safu ilipendeza.

Zaituni alichapa namba tupu, harakaharaka, huku anatafuna karanga.

Yake ilitoa jumla. Yangu ilitoa sifuri.

Nikabonyeza tena. Sifuri.

"Domitila, mashine hii haijui debe," Mwalimu akasema. "Ukitia neno ndani ya kisanduku, inadhani umeandika jina la mtu. Majina hayajumlishwi."

"Basi Domi katuletea ukoo mzima wa kina Debe," Zaituni akasema, wote wakacheka. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Mwalimu akatuonyesha njia. Unaacha namba peke yake, halafu unaiagiza mashine ionyeshe neno debe mbele yake katika safu nzima. Neno linaonekana, lakini ndani namba imebaki namba, na jumla inatoka. Nilielewa kabla hajamaliza kueleza. Lakini ufunguo wa ofisi alikwisha kumpa Zaituni.

Sifuri yenyewe hainiumi sana. Kinachoniuma ni kwamba mimi nilifuata nilivyofundishwa, yeye akaruka neno kwa uvivu, na uvivu ukashinda.

Baada ya chakula cha mchana alinifuata hapa.

"Shoga, mbona umenuna? Njoo unionyeshe lile la kuweka neno mbele. Mwalimu anataka safu zote ziwe na debe, na mimi alipokuwa anaeleza nilikuwa nawaza ubwabwa."

Nikamwambia nina nguo za kufua.

"Nguo zipi? Si hizo zimeshakauka kambani?"

Nikainamia daftari langu. Akaondoka taratibu, akivuta kandambili zake.

Tangu hapo nasikia jenereta inanguruma. Amekaa mbele ya kioo cha kompyuta na hajui pa kubonyeza. Mimi najua. Na nimefurahi kwamba hajui.

Hilo ndilo baya kuliko yote niliyoandika leo.

Akishindwa, Mwalimu hatasema, "Basi niitieni Domitila." Atafunga mlango na hesabu zitarudi kuandikwa kwa mkono. Nitakuwa nimemnyima yeye, na mimi nimejinyima.

Mafuta hayajaisha. Nikienda sasa nitawahi. Nitamwambia asogee, benchi linatosha wawili, naye anisomee namba. Lakini kuchapa nachapa mimi.

Atakubali?