Mguu wa Baba na Mguu wa Suzi

Kitale,
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Nekesa,

Kabla hujaendelea, tafadhali angalia ni nani aliye karibu nawe. Kama Baba yupo, ikunje barua hii uisome ukienda kuteka maji. Hata Mama usimwambie neno, maana unajua hawezi kumficha Baba kitu. Ukishayashika maagizo yaliyomo, ichome jikoni. Sijafanya jambo baya. Ni kwamba Baba akijua ninachokuomba, hatakifanya kamwe.

Hamjambo huko nyumbani? Kifua cha Mama kimetulia? Na watoto wako wa chekechea, bado wanakuita Mama hata ukiwa sokoni? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku asubuhi inaniuma vidole hadi kalamu haishikiki vizuri.

Ujumbe wako niliupata. Umesema Baba amemrudisha mlangoni yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya Lugulu, ati hataki tena mtu aguse mguu wake, na kwamba goti sasa halinyooki kama lilivyonyooka Krismasi. Dada, ni mimi niliyemfanya akatae.

Siku ile ya Krismasi ulikuwa jikoni na chai ya wageni, kwa hiyo ulisikia kicheko tu. Nadhani hakuna aliyekueleza vizuri, na mimi sikusubiri kukueleza.

Unajua kwamba kwenye kliniki hii ya wanyama niliajiriwa kuwa karani, na kwamba nikimaliza kazi ya ofisi, Bi Wairimu, mwenye kliniki, ananifundisha kurudishia nguvu viungo vya mbwa na farasi walioumia. Baba hakuipenda habari hiyo. "Nilikusomesha ushike kalamu," aliniambia, "sasa unashika kwato?" Ndiyo maana alipokubali nimnyooshe ule mguu wa kushoto ulioshikwa na kiharusi, tena mbele ya mchungaji, wazee wa kanisa na Baba Mdogo Barasa, nilifurahi kupita kiasi.

Nilipiga magoti. Nikashika kisigino kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine. Mguu ulikuwa mgumu kama gogo, halafu polepole ukaanza kulegea. Hapo mikono yangu ikasahau iko wapi. Hapa kliniki nina farasi jike aliyechanika kano la mguu wa mbele. Ni mwoga sana, na usipomsemesha hakupi mguu. Nikagonga ulimi, klo, klo, kama ninavyomfanyia yeye. Nikampigapiga Baba pajani. Nikasema, "Haya, taratibu. Msichana mzuri."

Wazee wakageuziana macho.

"Mwalimu," Baba Mdogo akauliza, "kwani umeitwa msichana, ama ni masikio yangu?"

"Si hata mimi nimesikia hivyo," mzee mmoja wa kanisa akasema.

"Bana! Sasa huyu tumpatie chai ama nyasi?" Baba Mdogo akaongeza.

Walicheka hadi mchungaji akaficha uso nyuma ya kikombe. Baba hakucheka. Huyu ni mtu aliyesimamia shule miaka yote ile, ambaye wazee hao hao walikuwa wakivua kofia wakipita mbele ya ofisi yake. Aliuvuta mguu wake kwa mkono wa kulia, ulio mzima, akauweka mbali nami, akasema kwa sauti ndogo, "Rudi kwa farasi wako."

Nami nikarudi. Hilo linaniuma kuliko kicheko. Kesho yake nilitoka kabla hajaamka, bila kumuaga. Ilinipasa nibaki siku moja zaidi, nikae karibu na kiti chake, nimwambie kwamba neno lile huwa nalisema mguu unapoanza kukubali, kwamba lilinitoka kwa furaha. Sikuweza. Nina vyeti vyangu vyote kwenye bahasha, na bado niliogopa kiti cha baba yangu.

Nilipopata ujumbe wako nilifanya kazi vibaya siku nzima. Mwishowe Bi Wairimu akaniita. "Karani, leo umemwandikia paka wa watu dawa ya ng'ombe. Bahati yako nimesoma kwanza. Nini mbaya?" Nikamweleza yote. Hakucheka. Alisema, "Mnyama akikataa mkono wako, huwezi kuacha mguu wake uharibike. Unamtafutia kazi ambayo mguu utafanya bila yeye kukumbuka kwamba ni mgonjwa."

Ndivyo tunavyofanya hapa. Kuna josho la zamani la ng'ombe ambalo lilisuguliwa likajazwa maji safi. Mbwa asiyetaka kukanyaga tunamwita kutoka ng'ambo kwa mpira, naye anatembea majini akiufikiria mpira tu. Usiku ule nilimfikiria Suzi, mbwa wa Baba.

Umesema bado anachechemea tangu agongwe na baiskeli ya boda boda pale Misikhu, na kwamba analala kutwa kando ya kiti cha Baba. Ni yeye aliyekuwa akimfuata hadi shuleni na kumngoja chini ya dirisha. Sasa sikiliza. Katika masomo yangu natakiwa kumfuatilia mbwa mmoja aliyeumia hadi apone, na nimemchagua Suzi. Hilo ni kweli, kwa hiyo hutamdanganya Baba. Mwambie nahitaji mtu makini wa kumsimamia mgonjwa wangu, na sikuona mwingine. Baba hajawahi kumnyima mwanafunzi msaada, hata yule aliyemkasirisha.

Asubuhi Baba amkande Suzi paja la nyuma akiwa amekaa kitini, kwa mkono wa kushoto. Mwambie ule wa kulia una nguvu nyingi na utamuumiza. Hilo nalo ni kweli. Halafu laza fito nyembamba uani, zikiachana hatua moja moja. Suzi azivuke polepole akiongozwa kwa kamba, na anayeshika kamba lazima azivuke pamoja naye. Lakini kwanza nenda Lugulu ukamuulize yule mtaalamu kama Baba anaweza kusimama na fimbo. Akikataa, muishie kwenye kukanda tu. Akikubali, tembea upande wake dhaifu, karibu kabisa, macho yako yakiwa kwa Suzi. Na usimsifu Baba. Tafadhali, dada, hata akivuka zote, msifu mbwa.

Ninaogopa. Akianguka, nitakuwa nimemwangusha mimi kutoka huku mbali. Akigundua, huenda asinipokee tena. Lakini nilimwona farasi mmoja aliyeachwa asimame tu zizini kwa sababu mwenye farasi alikuwa bado amekasirika, na ule mguu haukunyooka tena. Nisingependa kumwona Baba hivyo.

Nisalimie Mama, na shemeji yangu, mume wako, umwambie ahsante kwa kumbeba Baba kwenda bafuni bila kunung'unika. Nyanya wa Kimilili mwambie nakula vizuri. Baba Mdogo akiuliza, sema bado nina aibu. Atacheka, mwache acheke.

Ukinihitaji, usipige simu ofisini. Wateja huwa mezani kwangu na sitaweza kuyasema haya mbele yao. Nenda kwenye kibanda cha simu ya jamii Jumamosi alasiri, upige duka lililo karibu na chumba changu, namba unayo, na mwenye duka ataniita. Barua zipitie sanduku la kliniki, na kwenye bahasha uandike "ya karani".

Lakini siku utakayomsikia Baba akimwambia Suzi "msichana mzuri", usingoje Jumamosi. Piga ofisini. Yeyote atakayepokea, mwambie aniite, hata kama nimeshika mguu wa farasi.

Mdogo wako,
Simiyu