Natafuta Bembea Itakayoubeba Mgongo Huu

Kaniha, Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Naandika nimesimama, simu nimeiegemeza juu ya pipa la maji, maana kukaa siwezi.

Nimefika mwisho wa akili zangu. Acha niseme hivyo hivyo.

Jumatatu alfajiri kikundi kinaingia msituni kurina asali. Siku kumi na mbili. Mume wangu aliacha mizinga thelathini na mmoja kule ndani, kila mmoja aliuchonga na kuupandisha mtini mwenyewe. Sheria ya warina asali wa huku ni fupi: asiyelala kambini harini. Ukikosa misimu miwili, miti yako wanapewa wengine. Msimu uliopita nilikuwa kwenye msiba wake. Huu ni wa pili.

Shemeji yangu Masanja, ambaye ndiye anaongoza kambi, alikuja Jumapili kunishauri. "Shemeji, wewe kaa tu nyumbani, sisi tutakuletea dumu lako." Dumu! Mizinga thelathini na mmoja, niletewe dumu kama mgeni wa harusi. Nikamwambia nakwenda. Akaniangalia kiuno. Si mtu mbaya Masanja. Ila miti ile anaitamani, na mimi sina macho ya kioo, naona.

Tatizo langu ni mgongo. Tangu nianguke na bodaboda mwaka juzi, pingili mbili za chini hazijakaa sawa. Nikilala juu ya kitu kigumu usiku mmoja, asubuhi siinuki bila kushikwa. Kambini watu wanalala chini, wanatandika majani na turubai basi. Godoro huwezi kubeba; ni mwendo wa kutwa nzima, na kila mtu ana madumu yake, unga wake na sufuria yake mgongoni. Kikundi nimewaambia nimepona. Nimewadanganya watu wazima kumi na wanne, na mchungaji wangu akiwemo.

Ndipo nikaanza kuhangaika na hivi vitanda vya bembea ambavyo wazungu wanafunga kwenye miti wakienda kutembea porini. Wiki mbili nzima nimeangalia video mpaka bando likaisha. Nikauliza hapa mtandaoni, nanyi mnaosoma mkanichanganya: mmoja anasema nyavu, mwingine turubai, mwingine ananiuliza kwani lazima niende.

Ndiyo, lazima.

Jumanne nilikwenda Biharamulo mjini, kwa Bi Salma, mama wa Kiswahili anayeuza mitumba ya mabegi na mahema. Alikuwa na bembea tatu. Ya kwanza ya nyavu za kamba: nikaikalia dukani, ikaniacha na alama za vyumba vyumba kwenye mapaja kama nimechanjwa. Na nzito. Ya pili turubai la pamba, laini, nikaipenda, lakini Bi Salma mwenyewe akasema, "Mwanangu, hii ikinyeshewa utabeba maiti." Ya tatu ni kitambaa cha parashuti, chepesi, inakunjwa mpaka inaingia kwenye mfuko wa ukubwa wa embe, na kamba zake ni pana kama mkanda, hazikati gome la mti. Ni pana vya kutosha kulala watu wawili. Nikauliza upana wote huo wa nini wakati niko peke yangu, akaniambia ndio unaofanya mtu anyooke. Sikumwelewa. Nikaichukua kwa sababu ni nyepesi.

Jumatano nikaifunga uani, kati ya nguzo ya jiko na mzambarau. Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mimi maisha yangu yote ya ndoa nimeona kitu kimoja tu kikining'inizwa: mzinga. Na mzinga unafungwa juu, nyegere asiufikie, na unakazwa usiyumbe, nyuki wasikasirike. Nikaifunga bembea hivyo hivyo. Juu, usawa wa bega, imekazwa mpaka ukiipiga kidole inalia. Nikapanda kigoda, nikajitupa ndani.

Ikanigeuza, ikanitema chini. Nikatua kwa mgongo ule ule.

Nililala pale kwenye vumbi nikiwaza kwamba hapa ndipo imeishia. Jirani yangu, mke wa Lukas, alikuja mbio akanikuta. Alicheka kwanza, halafu akaona uso wangu, akaacha. "Ulikuwa unamfungia nyegere gani, jamani?" Nikacheka huku nalia. Alinikanda kwa maji ya moto, na sikulala usiku wote.

Jana nikaanza upya, kwa hasira tu. Nikalegeza kamba mpaka bembea ikashuka usawa wa kiti na kupinda katikati. Nikakaa kwanza, kisha nikalala mshazari, kichwa upande huu, miguu upande ule. Hapo ndipo nikaelewa upana wa Bi Salma. Ukilala mshazari mgongo unanyooka, kitambaa hakikukunji kama ndizi. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke, maumivu yalikaa kimya kidogo.

Nikafungua macho, nikamwona mama mkwe amesimama mlangoni, amejifunika uso kwa kanga.

Sikuwa nimefikiria. Kweli kabisa, sikuwa nimefikiria. Mwanawe alianguka kutoka mtini, akatolewa msituni ndani ya blanketi lililofungwa kwenye mti wa kubebea, wanaume wakipokezana mabegani. Kwetu Ngara, kule Mbuba nilikozaliwa, mgonjwa anabebwa hivyo hivyo, tunaita ingobyi, na kila kijana anajua zamu yake. Mume wangu alikata roho kabla hawajafika barabarani. Na mimi nimelala katikati ya ua wake ndani ya kitambaa kilichobonyea, nimefumba macho.

"Toa hicho kitu nyumbani kwangu," alisema. Hakula chakula nilichopika.

Nikajua nimekwisha. Kumvunjia heshima Mayu, ndivyo ninavyomwita mama mkwe kwa Kisukuma chao, siwezi. Kuiacha miti siwezi. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Leo mchana nimerudi kutoka kisimani nikakuta kandambili zake zimepangwa chini ya bembea. Yeye yumo ndani. Macho wazi, mikono kifuani.

Nikaweka ndoo chini.

"Inabana mabega?" akaniuliza, bila kunitazama.

"Ukilala mshazari haibani, Mayu."

"Lile blanketi lilimbana?"

Ningeweza kumdanganya. Nimedanganya wengi mwezi huu, mmoja zaidi angekuwa nini? Lakini mdomo ulikataa. "Sijui, Mayu. Sikuwepo." Akatikisa kichwa taratibu. Machozi yakamtoka yakaingia masikioni, hakuyafuta. Nikashika kamba nikasimama pale.

Alikaa humo muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, akavaa kandambili zake, akasema, "Haya, lala wewe, nikuone."

Nikalala. Mgongo uliwaka moto tangu kiunoni mpaka kisiginoni, nikauma kanga nisitoe sauti. Baadaye ukapoa kidogo. Nafikiri nilisinzia, maana nilipofumbua macho alikuwa bado amesimama pale pale, akiyumbisha bembea kwa vidole viwili.

"Nenda nayo," akasema. "Mizinga ni ya mwanangu, asiichukue mtu. Ila ukirudi, urudi kwa miguu yako."

Nimemjibu, "Ndiyo, Mayu."

Mgongo sijauuliza.