Kifuniko cha Tangi

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Gari usiliguse tena.~~ Gari tumia, ufunguo uko chini ya karatasi hii. Mimi nimeenda kazini kwa basi.

Asubuhi, taa ya injini ilipowaka mara tu baada ya kujaza mafuta, nilikwambia umeliua gari kwa mwendo wako wa jana. Ukashuka, ukaenda kwenye usaili kwa miguu. Nikafika kwa fundi bado nafoka. Akachomeka mashine yake, akasoma, akaniuliza: "Mzee, kifuniko cha tangi kiko wapi?"

Nikamwambia hilo akuulize wewe, maana tangu utotoni kazi yako kituoni ni kukishika mafuta yakitiwa, tusije tukakiacha. Nilisahau kwamba leo nilikupokonya kifuniko, nikidai akili yako iko kwenye simu.

Kilikuwa mfukoni mwa koti langu; kumbe tangi likiachwa wazi, taa ya injini huwaka. Fundi alicheka. Mimi nilishindwa kucheka.

~~Na wewe ungenikumbusha.~~ Nimekosa, mama.

Nimekupigia mara nne, hupokei. Taa fundi ameizima. Ikiwaka tena, nipigie. Isipowaka pia, nipigie.

Baba
(kazi ya kifuniko nimekurudishia)