Samli ya Anyesi na Pikipiki Isiyowaka

Mpendwa Bwana Mshauri,

Nakuamkia kwa heshima, naomba unishike mkono maana nimefika mwisho. Mimi ni Gideoni wa hapa Dodoma, natunza pikipiki kuukuu ya bwana mmoja Mdachi, mpima ardhi, na tangu nioe mwaka jana pikipiki ile haina heri, asubuhi inawaka vizuri, jua likipanda inazima porini, petroli imo, plagi nimeisugua hadi inang'aa, lakini nikiichomoa nikazungusha mota sioni cheche, na bwana hataki maneno, ni kiboko tu, mgongo wangu haulaliki. Watu wakasema mkeo ana mkosi, mganga naye akasema hivyo hivyo, nami nikikumbuka naona kweli, kabla ya kumwoa Anyesi haikuwa ikizima, tena kila nikizidi kuihudumia na kuipaka samli yake nzuri kila kiungo, kama tunavyopaka kwetu kitu cha thamani, hata ndani ya sumaku inayoipa plagi cheche, kwenye vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, ndivyo inavyozidi kufa. Basi nikamrudisha kwao Haneti na mimba yake, hakulia, aliniuliza tu, "Gideoni, mimi na chuma wapi na wapi?" Sasa hayupo, naipaka samli aliyoiacha kibuyuni na bado inazima, baba yake Mzee Matonya amesema nisikanyage kwake. Nifanye nini?

Gideoni,

Pole kwa mgongo. Kwa mengine sina pole. Lo! Umemfukuza mke mjamzito kwa kosa la mkono wako mwenyewe! Nilitunza mashine kabla ya kushika kalamu, nisikilize: cheche inatokana na vidomo hivyo, navyo vinataka ukavu. Samli ikipata joto inayeyuka, inaungua, inavifunika, na vumbi la huko linanata humo humo. Anyesi alikupa samli ya chakula. Nani alikutuma uilishe sumaku? Na huyo mganga, pikipiki aliijulia wapi?

Vifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, visugue taratibu kwa jani la msasa, viache vikauke, na samli isifike hapo tena.

Lakini hiyo ni kazi ya pili. Kwanza omba ruhusa kwa bwana wako, mchukue mjomba wako na mbuzi wa kuomba radhi, mwende Haneti. Mzee Matonya akifoka, nyamaza, ana haki. Mwambie Anyesi mbele yake kwamba mkosaji ni wewe. Huenda akakataa, na akikataa usimlaumu. Wala usithubutu kuijaribu pikipiki kabla ya kwenda. Ukingoja iwake ndipo umfuate, atajua kwamba neno lake hukuliamini mpaka chuma kilipomtetea.